Uzoefu Wangu: Rauta ya Bei Nafuu kwa Kazi Ndogo za Mbao, Lamu

Mimi si seremala wa kulipwa. Ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi mtaa wa Langoni mjini Lamu, na kazi za mbao nazifanya baada ya alasiri na siku za likizo: fremu za vioo, masanduku madogo, rafu za kuingia katika vidaka vya nyumba za zamani, na marufaa za kuwekea msahafu, ambazo huagizwa zaidi Ramadhani inapokaribia. Kwa kazi za kiasi hiki mashine kubwa ya karakana ni israfu, lakini patasi peke yake nayo ina mipaka. Kuchimba mfuo wa upana wa milimita 6 ulionyooka, na kurudia mara nne kwa kila sanduku, kulinimalizia mikono na subira, ndipo nikaamua kutafuta rauta ya bei nafuu. Hadi sasa nimemiliki mbili. Ya kwanza ilinitia hasara, na ya pili bado iko mezani kwangu baada ya miezi 14.

Neno lenyewe lilinitia katika kichekesho. Kila nilipotaja rauta dukani, vijana walinitolea kile kisanduku cha intaneti chenye antena, ikanilazimu kueleza kwa mikono kwamba nataka mashine ya kuchimba mifuo na kupamba kingo za mbao. Mzee mmoja aliyekuwa akinunua misumari ndiye aliyeniokoa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusoma boksi badala ya kuishika mashine. Boksi liliandikwa wati 1,200, picha ilipendeza, ndani mlikuwa na biti 12 za bure, yaani vile visu vinavyozungushwa na mashine kuchimba mbao, na bei ilikuwa chini ya nusu ya mashine zilizokuwa jirani yake kwenye rafu. Sitaitaja kwa jina. Niliinunua Mombasa, nikaipakia basini hadi Mokowe, nikavuka nayo kwa boti, na wiki ile ile nikaanza sanduku la mbambakofi ambalo shangazi yangu alikuwa ameniagiza kwa ajili ya harusi ya binti yake. Kuta za sanduku zilikuwa na unene wa milimita 10. Niliipima biti ichimbe kina cha milimita 4, nikaisukuma mashine taratibu kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho, na nilipoupindua ubao nikaona mfuo umeanza na milimita 4 na kuishia na 7. Ukuta uliobaki ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilipoingiza kitako cha sanduku, kona moja ilimeguka mkononi. Mbambakofi si mbao ya kuokotwa njiani, na shangazi ni mtu wa kukumbuka.

Nilidhani nimesahau kukaza nati inayoishika biti. Nikarudia kwenye kipande cha mwarobaini, nikakaza kwa nguvu zangu zote, na biti ikashuka tena. Ndipo nilipoazima kalipa kwa fundi wa injini za boti na kupima kila kitu. Shina la biti lilikuwa milimita 6 kamili. Koleti, yaani ile bomba fupi ya chuma yenye mipasuko inayolishika shina la biti, ilikuwa imechongwa alama ya 6, lakini ilipokea bila kipingamizi shina la robo inchi, ambayo ni milimita 6.35. Tofauti ya sehemu tatu na nusu za kumi za milimita yaonekana si kitu, ila koleti hushika kwa kujibana kuzunguka shina lote kwa usawa, na ikiwa tundu ni kubwa kuliko shina, hubana mahali pawili au patatu tu. Mashine ikishatetemeka na kisu kikaanza kuvutwa na mbao, biti huteleza kidogo kidogo kutoka kwenye koleti. Hata isipoteleza, huyumba: biti ya milimita 6 ilikuwa ikinichimbia mfuo wa milimita 6.5, na plaiwudi iliyopaswa kuingia kwa kubana ikawa inacheza kama jino la mtoto.

Kurudisha mashine dukani kungenigharimu siku nzima ya safari kwenda, siku nyingine kurudi, pamoja na nauli na mabishano ya kaunta, wala risiti yenyewe ilikuwa haisomeki. Kwetu kisiwani uimara si jambo la anasa, kwa sababu hakuna duka la vipuri la kukimbilia pale kazi inapokwama katikati. Ndiyo maana leo mtu akiniuliza rauta ina wati ngapi, namjibu aniambie kwanza koleti yake ikoje na kaboni zake, vile vipande vya makaa vinavyopitisha umeme ndani ya mota na kuisha kwa matumizi, zinapatikana wapi.

Safari ya pili nilikwenda nikiwa na vitu vitatu mfukoni: kipande cha chuma kilichonyooka chenye kipenyo cha milimita 6, biti ya robo inchi, na rula ya chuma. Kabla mashine yoyote haijachomekwa kwenye umeme, nilijaribu kuiingizia chuma cha milimita 6, ambacho kinapaswa kuingia kwa kusukumwa na vidole bila kulegea, kisha biti ya robo inchi, ambayo koleti ya 6 inapaswa kuikataa. Baada ya hapo nilikaza nati, nikaisogeza rula hadi ikakaribia ncha ya chuma, nikazungusha mhimili kwa mkono huku nikitazama upenyo ulio kati ya rula na chuma. Upenyo ukipanuka na kusinyaa, mhimili au koleti imepinda. Nilitikisa mhimili kushoto na kulia ili nisikie kama beringi zinacheza, nikalaza rula juu ya kitako cha mashine nione kama mwanga unapita chini yake, na mwisho nikafunga kina na kuuelemea mwili wa mashine kwa viganja ili nione kama kufuli inashika. Muuzaji alinitazama kama anavyotazamwa mnunuzi wa punda anayefungua mdomo wa mnyama kuhesabu meno. Mashine mbili za bei ya chini zilianguka katika jaribio la kwanza tu.

Zilizobaki ndani ya uwezo wangu zilikuwa za aina ndogo, ile inayoshikwa kwa mkono mmoja. Makita 3709 ina wati 530, kasi moja isiyobadilika ya mizunguko 30,000 kwa dakika, na uzito wa kilo 1.5 hivi. Bosch GKF 550 haiko mbali nayo, ikiwa na wati 550 na mizunguko 33,000. Makita RT0700C ni hatua moja juu: wati 710, na kasi inayoweza kurekebishwa kuanzia 10,000 hadi 30,000, jambo ambalo lina thamani kubwa kuliko zile wati za ziada. Ningeichukua hiyo kama mfuko ungeniruhusu. Nilichukua 3709 kwa shilingi 11,500, nikahakikisha nambari ya mashine imeandikwa kwenye risiti, kwa maana jina kubwa juu ya boksi nalo huigwa, na majaribio yale yale niliyozifanyia zisizo na jina niliifanyia na hiyo. Yangu ina koleti ya milimita 6. Mashine hiyo hiyo huuzwa pia na koleti ya robo inchi, kwa hiyo anayenunua aulize, kisha anunue biti za kipimo hicho na si kingine.

Wati 530 ni chache, na sina haja ya kuficha hilo. Mwongozo wa mashine unasema mfuo usichimbwe zaidi ya milimita 3 kwa mpito mmoja, na hilo si pendekezo la adabu. Kwenye mwarobaini na mwembe mashine hupita milimita 3 bila kulalamika. Kwenye mbambakofi nimejifunza kuchukua milimita 2, hata 1.5, na mfuo wa kina cha milimita 6 huwa kazi ya mipito mitatu au minne. Anayetengeneza milango kumi kwa mwezi hataivumilia hali hiyo. Mimi nayetengeneza masanduku mawili naivumilia bila tabu, na mfuo unaopatikana una upana ule ule mwanzo hadi mwisho.

Mvule una hila zake, kwa kuwa ndani yake mara nyingine mna mawe magumu ya chokaa yaliyojijenga mti ungali hai, na hayaonekani mpaka kisu kiyagonge. Biti za chuma cha kawaida, kama zile 12 za bure, huisha makali hapo hapo, na biti isiyo na makali huanza kuunguza mbao na kuacha mstari mweusi ambao msasa hauuondoi kwa urahisi. Kwa maoni yangu fedha za biti zihesabiwe pamoja na bei ya mashine tangu mwanzo. Biti nne zenye ncha za kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, zimenitosha kwa karibu kila kazi: moja ya mfuo ulionyooka, moja yenye beringi ya kufuata kiolezo, moja ya kuviringisha kingo, na moja ya ncha ya pembe kwa ajili ya maandishi. Vumbi la mvule pia huwasha pua na ngozi, na siku niliyofanya kazi bila barakoa sikuweza kulala.

Kasi isiyobadilika ndiyo upungufu wa kweli wa mashine hii, na msomaji aupime kabla ya kulipa. Biti ya kipenyo cha milimita 12 ikizunguka mara 30,000 kwa dakika, ukingo wake husafiri karibu mita 19 kwa sekunde; biti ya milimita 50 kwa mizunguko hiyo hiyo husafiri zaidi ya mita 78 kwa sekunde, mwendo ambao sitaki kusimama karibu nao. Zile biti pana za kuchonga paneli za milango zinahitaji mashine kubwa yenye kasi ya kupunguzwa na koleti ya milimita 12 au nusu inchi, tena ikiwa imefungwa mezani. Vilevile 3709 haizami kwa springi, kwa hiyo mfuo unaoanzia katikati ya ubao hauwezekani kwa kuishusha wima kama zinavyofanya rauta kubwa. Mimi hutoboa kwanza tundu kwa drili, nikaiingiza biti ndani ya tundu hilo mashine ikiwa imezimwa, ndipo nikaiwasha.

Jambo ambalo sikuelezwa dukani ni mwelekeo wa kusukuma. Biti ikitazamwa kutoka juu huzunguka kwa mwendo wa mishale ya saa, kwa hiyo ukingo wa nje wa ubao hupitiwa kinyume cha mishale hiyo, na ukingo wa ndani wa fremu hupitiwa kuifuata. Ukikosea, kisu hukamata mbao na kuirusha mashine mbele, na kwa uzito wa kilo moja na nusu mkono hauna muda wa kuizuia. Tena mimi huanza na vichwa vya ubao, ambako nyuzi hukatika na kumeguka pembeni, kisha humalizia na pande ndefu ili zisafishe ule umegukaji.

Hewa ya bahari nayo ina sehemu yake. Koleti ikiachwa ndani ya mashine na biti yake kwa wiki mbili hushika kutu na kung'ang'ania, kwa hiyo kila nikimaliza kazi huitoa, huifuta kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, na kuifunga ndani ya mfuko. Vumbi lililo baina ya mipasuko hutolewa kwa mswaki wa zamani. Waya mwembamba na mrefu wa ekstensheni nimeuacha baada ya kugundua kuwa mashine ilikuwa ikipoteza nguvu kwa sababu yake. Sasa natumia waya mfupi na mnene, na jioni umeme ukipungua nguvu naahirisha kazi. Kaboni nilizikagua mwezi wa kumi na mbili wa kuitumia mashine na nikazikuta bado hazijafikia alama ya kikomo. Hata hivyo nimeweka jozi moja ya akiba pamoja na koleti ya pili, kwa kuwa zote mbili pamoja hazifiki bei ya nauli ya kuzifuata Mombasa.

Ami yangu huchonga nakshi za milango kwa patasi na bobari kama alivyofundishwa na babu, na siku ya kwanza alipoiona mashine hii aliniambia, "Mwanangu, kitu hiki hakijui nyuzi za mbao zinaelekea wapi." Amesema kweli, na sijawahi kuitumia kwenye nakshi wala sikusudii. Lakini wiki iliyopita aliniletea miimo miwili ya mvule ya fremu ya dirisha, akaniomba niichimbie mifuo ya kuingilia paneli, kisha akatoka akaketi barazani mpaka kelele zilipokwisha. Alipoingia aliupitisha ukucha wake ndani ya mfuo mzima bila kusema neno, akaichukua miimo yake akaenda zake.