Rivyu: kumtoa mzee hospitali mpaka nyumbani huku Wales, nyota 3 na nusu

Nawapa nyota 3 na nusu kati ya 5, na hiyo nusu ni ya yule dada wa tiba kazi (anaemsaidia mgonjwa aweze tena kujifanyia shughuli zake) peke yake. Naandika kwa wenzangu wenye wazazi au wakwe huku Wales maana kwa Kiswahili nilitafuta sikupata kitu, watu wanaulizana viza za makea (wahudumu wa wagonjwa na wazee) tu, hakuna anaekwambia mzee wako akilazwa siku ya kutoka inakuwaje.

Mfumo kwanza, kwa ufupi. Hospitali ni ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, makea wa nyumbani ni mambo ya kaunsili (halmashauri), na zamani kila mtu alikuwa na lake. Wales wakatunga sheria mwaka 2014, ikaanza kufanya kazi Aprili 2016, inawalazimisha kukaa meza moja. Nchi nzima mikoa 7, kila mkoa na bodi yake ya ushirikiano, mle ndani wamo watu wa afya, watu wa kaunsili, mashirika ya kujitolea na hata wawakilishi wa sisi tunaouguza ndugu zetu majumbani. Sasa kaunsili ziko 22, kwa hiyo Powys wao ni kaunsili moja na bodi moja ya afya, mambo mepesi, lakini North Wales kaunsili 6 zinakutana na bodi moja ya afya, sijui hata tarehe ya kikao wanakubaliana vipi. Sisi tuko kusini.

Mgonjwa ni ami yangu, baharia mstaafu, kaja na meli miaka hiyo akaoa akabaki. Alipigwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea. Soshowoka (afisa ustawi wa jamii) aliekuja kutuona mshahara wake wa kaunsili lakini meza yake iko hapo hapo hospitali, anakaa na manesi na watu wa fizio, ukimuuliza swali la dawa anageuka tu nyuma anamuuliza mwenzake. Hilo nimelipenda kweli. Kule kwetu afisa ustawi wa jamii hospitali wengi tunamjua siku bili imetushinda.

Halafu huyo dada wa tiba kazi. Kamchukua Ami mpaka jiko dogo la hapo wodini, kamwambia haya nitengenezee chai. Mie nikadhani wanamchangamsha mzee, kumbe mtihani. Anatazama anavyoshika birika, anavyochana pakti ya sukari kwa mkono mmoja na meno, kama anakumbuka kuzima. Ami kauliza iliki iko wapi, kaambiwa hakuna, kasusa, hiyo si chai. Dada hakucheka, kamuuliza kwani nyumbani unapikaje, Ami kamweleza sufuria, maziwa, jikoni kwenye moto, yote kaandika. Siku mbili tatu kabla ya kutoka akaja nyumbani na futi ya kupimia, moja kwa moja jikoni, akapima urefu wa jiko, na kabla Ami hajafika kikaletwa kiti kirefu cha kuegemea ili apike chai yake bila kusimama muda wote. Stoo ya hivyo vifaa inaendeshwa kwa pesa ya pamoja, afya na kaunsili, kwa hiyo kiti, vyuma vya chooni, choo cha kitandani vyote vilikuja kwa gari moja na hatukudaiwa hata senti.

Nyumbani wakaweka kisanduku cha funguo chenye namba mlangoni, makea asubuhi na jioni, na hii huduma ya kumrudisha mtu kwenye hali yake wiki 6 za mwanzo haina malipo. Msije mkashangaa, hawamfanyii! Wanakaa pembeni wanamwangalia anahangaika na vifungo vya shati. Anti, mkewe, siku za mwanzo alikuwa akinuna, anasema hawa wamekuja kukaa? Lakini ndo kazi yao, na mzee sasa anavaa mwenyewe isipokuwa soksi.

Sasa nyota moja na nusu zimekwenda wapi. Ami ana presha ya macho, kila usiku lazima matone. Kea wa jioni anasema matone hayamo kwenye mpango wangu siruhusiwi kugusa. Nesi wa mtaani anasema sisi kazi yetu vidonda na sindano, matone ni ya kea au familia. Familia ni Anti, mikono inatetemeka, nusu ya dawa inaishia shavuni. Kichupa kipo juu ya friji, watu wawili wenye vyeti wanapishana nacho, wote wa mkoa mmoja, wa hiyo hiyo meza moja! Mpaka nikampigia yule soshowoka wa hospitali (kesi yetu ilishahamishiwa kwa mwengine lakini nilikuwa na namba yake), akawaunganisha kwa simu na famasia, ikatoka karatasi ya chati ya dawa kea awe anaweka saini, kwisha. Jambo la simu moja.

Na maswali yale yale kila anaeingia. Anakula mwenyewe? Ana aleji? Kulikuwa na mpango wa mfumo mmoja wa kompyuta nchi nzima, WCCIS, afya na kaunsili wasome faili moja, ila sio wote walioingia. Kwa hiyo nunueni daftari, andikeni kila kitu, wapeni wasome.

Pesa: wiki 6 zikiisha kaunsili inapiga hesabu ya kipato, lakini kwa huduma ya nyumbani Wales wana mwisho wa malipo kwa wiki, mwaka 2020 waliuweka pauni 100, England hakuna mwisho kama huo. Na ikionekana tatizo kubwa la mgonjwa ni la kiafya hasa, NHS inabeba yote, ila hapo ndo ushirikiano unapoota miba maana kila upande unaangalia mfuko wake. Ombeni tathmini ya hilo mapema, kwa maandishi, msingoje muambiwe.

Anti nae, kama anaeuguza, ana haki ya tathmini yake mwenyewe kwa sheria hiyo hiyo ya 2014. Hakuna aliemwambia, nimeisoma mwenyewe nikamwombea. Mkikwama kabisa kuna Llais, chombo cha kupeleka sauti za wananchi, kimeanza Aprili 2023 na kinashika afya na ustawi kwa pamoja, malalamiko wanakusaidia kuandika bure. Na mkalimani wa simu muombeni tangu siku ya kwanza wodini, nae hamlipii.