NewPipe au yt-dlp: kipi kinafaa kuhifadhi taarab zako?

Anayetumia simu ya Android tu aanze na NewPipe, programu ya kutazama na kupakua video. Haipo Play Store. Wengi huichukua F-Droid, duka la programu huria. Unafuata chaneli za YouTube, SoundCloud (ya muziki) au PeerTube (mtandao huria wa video) bila kufungua akaunti, na orodha ya unazozifuata inakaa kwenye simu yako. Ndiyo maana lazima utoe nakala yake nje ya simu mara kwa mara: simu ikiibwa, orodha imekwenda nayo. Kupakua ni rahisi, ila ni video moja moja. Kwa nyimbo kumi, sawa. Kwa mia tatu, vidole vitakuota sugu.

yt-dlp, programu ya kupakua video iliyochipuka kutoka youtube-dl ya mwaka 2006, haina vitufe wala picha. Unaandika amri kwenye kompyuta, jambo linalowatisha wengi siku ya kwanza. (Mimi nilinakili amri kwenye daftari, kama mapishi ya biriani.) Uzuri wake uko kwenye --download-archive: inaandika katika faili kitambulisho (ID) cha kila video iliyokwisha kupakuliwa, hivyo ukirudi wiki ijayo kwenye chaneli ileile inachukua mpya tu, na bando linapona. Inaweza pia kuhifadhi maelezo, tarehe na manukuu pembeni ya video. Isakinishe pamoja na ffmpeg, inayounganisha picha na sauti.

YouTube ikibadilisha mitambo yake, zote mbili hukwama hadi toleo jipya litoke. Mimi nafuata kwa NewPipe, nahifadhi kwa yt-dlp.