Rili iliyomkosesha binti yangu besi wake

"Labda mtoto alivuta vibaya." Hayo ndiyo maneno niliyotupiwa na muuzaji wa duka moja la vifaa vya uvuvi jijini Nairobi, hata kabla sijaiweka vizuri juu ya kaunta rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, yaani uzi wa kuvulia. Hakuishika wala hakuizungusha mkono wake aone. Alikuwa na simu, akaitazama kwa jicho la pembeni, basi, kesi ikaisha. Ni wiki kadhaa sasa na bado nikikumbuka damu inachemka. Naandika kwa sababu najua wapo wengi wanaotaka kuanza kuvua samaki aitwaye besi katika Ziwa Naivasha, na wataingia duka lile lile kama nilivyoingia mimi.

Uzito wa rili na idadi ya gololi zilizomo ndani vimeandikwa kwenye sanduku, soma mwenyewe. Mimi nina neno moja tu: breki.

Besi si samaki wa asili wa Naivasha. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 ili watu wapate kuvua kwa burudani, na ameshazoea ziwa hilo kuliko wengi wetu. Hapendi kukimbizana na windo mbali. Hujibanza kivulini, kando ya mafunjo au chini ya mti uliozama, akangoja kitu kipite karibu na mdomo wake mpana. Na tangu maji yapande miaka ile ya 2019 na 2020, miti ya ufukweni mingi imekufa imesimama majini, migunga mizima mizima. Huko ndiko besi alikohamia. Kwa hiyo ukitaka kumpata lazima urushe chambo katikati ya mashina na matawi, na akishanasa, kitu cha kwanza atakachofanya ni kukimbilia shina alizungushe mshipi.

Hapo ndipo breki inapopimwa. Ndani ya rili kuna visahani vya chuma na vya kitambaa kigumu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Samaki akivuta kwa nguvu, visahani vinatakiwa kuteleza polepole, mshipi utoke kidogo kidogo huku ukimchosha. Ukikaza mno, mshipi unakatika. Ukilegeza mno, anafika kwenye shina. Mimi nilifundishwa kuikaza mpaka ianze kuachia kati ya robo na theluthi ya nguvu za mshipi: kama mshipi unabeba kilo 5, breki iachie kwenye kilo moja na kitu. Unafunga ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, unavuta, unasoma. Kazi ya dakika mbili.

Sasa siku yenyewe. Nilimchukua binti yangu, ana miaka kumi na miwili, tukakodi boti alfajiri. Mwenye boti ni mzee mmoja mtaratibu ambaye ningempa nyota zote zilizoko mbinguni. Alituambia tutoke mapema, kwa sababu ikishapita saa saba upepo huamka na ziwa hugeuka. Jina lenyewe limetokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, maji yenye mawimbi. Halafu akaangalia chambo nilichokuwa nimefunga, kile kisamaki cha plastiki kinachong'aa chenye ndoana mbili za mikono mitatu mitatu, akatikisa kichwa. Kwenye miti ile, alisema, kingenasa kila tukirusha.

Akatoa mnyoo wa mpira, wa rangi ya udongo yenye wekundu kwa mbali. Kuna kamba wekundu wa maji baridi walioingizwa ziwani mwaka 1970, wenye makoleo, na besi wakubwa wanawapenda kupita kiasi. Ndiyo maana ya rangi hiyo. Akapitisha mshipi kwenye chubwi, kizito kidogo cha risasi kilichochongoka, akafunga ndoana, na kabla ya kulikaza fundo akalilowesha kwa mate, maana nailoni ikisuguana ikiwa kavu inapata joto na kudhoofika. Akachoma kichwa cha mnyoo, akaigeuza ndoana, akaificha ncha yake ndani ya mwili wa mnyoo. Hivyo chambo kinapita kwenye gugu maji na matawi bila kushika kitu, na samaki akiuma ukivuta ndipo ncha inatokeza.

Aliyofuata kumwambia binti yangu nimeyashika mpaka leo, na yana faida kuliko video zote nilizotazama.

"Mama, usiangalie fimbo. Angalia uzi pale unapoingia majini."

"Sawa, guka," akajibu, yaani babu kwa Kikuyu.

Urushe kupita shina, sio kulilenga. Uache mnyoo uzame wenyewe, mshipi ukiwa umelegea kidogo, kwa sababu mara nyingi besi huuma chambo kikiwa kinashuka, na mkononi hutasikia kitu. Utaona tu uzi umeruka kidogo, au umeanza kwenda kando. Usingoje. Ukifika chini bila kuguswa, inua ncha ya fimbo taratibu, shusha, tulia. Guka alisisitiza huko kutulia. Mtoto alitulia kuliko mimi.

Kwenye saa mbili hivi uzi ukaenda kando. Akavuta, na fimbo ikapinda. Samaki akaruka nje ya maji, mdomo wazi, akitikisa kichwa kuitema ndoana, na sijui kama nimewahi kuona besi mnene namna ile. Guka akapaza sauti, "Shusha ncha! Shusha ncha!" Binti akaishusha mpaka karibu na maji, akauweka mshipi umekaza, sawasawa kama mtu aliyevua miaka kumi. Samaki akarudi chini na kugeukia mti.

Breki ikakwama. Ikaachia kwa mshtuko, mshipi ukatoka kama urefu wa mkono au chini ya hapo, ikakwama tena. Nilisikia mshipi ukilia, kisha tak! Fimbo ikanyooka.

Akanigeukia. "Baba, nimefanya nini?"

Hakuwa amefanya kosa lolote. Nilimwambia hivyo, guka akamwambia hivyo, lakini njia nzima ya kurudi alikuwa anarudia hesabu kichwani, nilimwona. Mtoto alifanya kila alichoambiwa.

Lazima niseme ukweli: na mimi nina sehemu yangu. Nyumbani niliivuta breki kwa mkono, polepole, ikatoka, nikaridhika. Sikuifunga kwenye mizani wala sikuivuta kwa ghafla kama samaki anavyovuta. Ningefanya hivyo ningegundua. Kwa hiyo sitasema kosa lote ni la duka.

Jumatatu nikampelekea fundi wa baiskeli mtaani kwetu, mtu mwenye mikono ya subira. Akaifungua. Visahani vya kitambaa vilikuwa vikavu kama chapati ya juzi, hakuna hata tone la grisi, na kimoja kimegandamana na chuma. Kifaa kipya, kimetoka sandukuni! Nilinunua shilingi elfu sita na mia tano, si ya kuokotwa.

Hapo ndipo nikarudi dukani na risiti, nikapata lile jibu la mtoto kuvuta vibaya. Nikamweleza habari ya visahani. Akasema, "Boss, ikishaingia majini haturudishi." Rili ya kuvulia samaki! Nikamuuliza angependa niitumie wapi, akanyamaza, akamhudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu. Nilibaki nimesimama na risiti mkononi mbele ya watu.

Nyota moja. Hata hiyo moja ni kwa sababu haiwezekani kuweka sufuri.

Hata hivyo, kwa haki, sikilizeni na hili. Fundi alivisafisha visahani, akavipaka grisi nyepesi ya rili, kidogo sana, akavirudisha. Nikaifunga kwenye mizani: inaachia laini, haishtuki, kilo moja na robo kila mara. Tumeshaitumia tena mara mbili na haijakwama. Siku hizi tukimaliza kuvua nailegeza breki kabisa kabla ya kuihifadhi ili visahani visibanane, na kila baada ya samaki au kuburura mtini napitisha vidole kwenye nusu mita ya mwisho ya mshipi. Nikihisi umekwaruzika nakata, nafunga upya. Fimbo niliyonunua duka hilo hilo ni nzuri, nyepesi, ncha yake inasikia mpaka kokoto. Ningekuwa naipima rili peke yake, baada ya fundi, ningeipa nyota tatu, labda nne. Anayeweza kuifungua na kuitengeneza mwenyewe aichukue.

Lakini naandika hizo nne nasikia sauti ya mtoto wangu kwenye boti, na mkono unakataa. Mtu anayeanza kuvua hana fundi. Ana duka, na anaamini alichouziwa. Na yule kijana hakumwona binti yangu hata siku moja, hajui anavyotulia, hajui alivyoishusha ile ncha. Alimhukumu bila kuinua macho kwenye simu. Naiacha ile moja.

Nimewatumia ujumbe mara mbili, hawajajibu. Pesa siitaki tena. Nataka yule kijana amwambie mtoto kwamba hakuvuta vibaya.