Limosa, SIPSI, ZKO na tovuti ya Zoll: mapitio kwa wakala anayekodisha wafanyakazi Ulaya

Wakala wa ajira anayepeleka mafundi katika nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya hukuta kila nchi ina mfumo wake wa kuwaandikisha kabla kazi haijaanza. Tumechukua minne: ZKO ya Austria, Limosa ya Ubelgiji, SIPSI ya Ufaransa na tovuti ya Zoll, yaani forodha ya Ujerumani. Tunaipima kwa jicho la anayekodisha watu. Kampuni inayotuma mafundi wake kwenda kumaliza kazi yake yenyewe ina njia nyepesi zaidi, na makosa mengi huzaliwa pale wakala anapojifanya kampuni ya namna hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kufungua akaunti yoyote, amua uko upande gani. Agizo la Umoja wa Ulaya la 96/71 la mwaka 1996, kuhusu wafanyakazi wanaotumwa nchi nyingine, linatambua njia tatu: mkataba wa huduma, uhamisho ndani ya kundi moja la kampuni, na ukodishaji kupitia wakala. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Vicoplus ya 2011, ilitaja alama tatu za ukodishaji: mfanyakazi anabaki mwajiriwa wa aliyempeleka, kumvusha mpaka ndiyo huduma yenyewe inayouzwa, na anafanya kazi chini ya usimamizi na maelekezo ya mteja. Kesi ya Martin Meat ya 2015 ikasogea karibu na mfuko: kazi ikiharibika, hasara ni ya nani? Na idadi ya watu wa kuletwa inapangwa na nani?

Kwenye karakana mambo huonekana haraka. Saa moja asubuhi fundi wa kuchomelea yuko kwenye bomba. Msimamizi wa mteja anapita: "Acha hilo, nenda tangi namba tatu." Fundi akiondoka bila kumwuliza bosi wake, mashine ikiwa ya mteja, vijiti vya kuchomelea vya mteja, na saa zake zikihesabiwa na kadi ya geti la mteja, basi mkataba unaweza kuandikwa "huduma" kwa herufi kubwa na mkaguzi bado atauita ukodishaji.

Austria tunaipa nane kwa kumi, hasa kwa sababu inakulazimisha useme ukweli mlangoni. Fomu ni mbili: ZKO 3 ya kutuma na ZKO 4 ya kukodisha. Hakuna namna ya kujificha katikati. Anayejaza ZKO 4 ni wakala, na taarifa inakwenda kwenye ofisi kuu ya uratibu iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Jambo linalosahaulika ni nyaraka. Katika ukodishaji, mwenye wajibu wa kuziweka tayari mahali pa kazi ni mteja aliye Austria: mkataba wa ajira, slipu za mshahara, uthibitisho wa malipo ya benki, kumbukumbu za saa. Wakala naye lazima ampelekee, na awe na ushahidi kwamba alimpelekea. Barua pepe yenye viambatisho na jibu la "tumepokea" inatosha kuokoa siku. Bahasha aliyopewa dereva wa basi la mafundi haitoshi. Zamani faini za huko zilijumlishwa mfanyakazi kwa mfanyakazi bila kikomo, mpaka Mahakama ya Haki ilipozikataa mwaka 2019. Sasa kosa la taarifa lina kikomo cha yuro 20,000. Bado si hela ya chai.

Limosa, iliyoanza Aprili 2007, inapata saba. Kati ya yote minne ndiyo nyepesi kujaza: nani, lini, wapi, ratiba gani, mteja nani, na nani wa kuwasiliana naye. Ukimaliza unapata hati ya Limosa-1, ambayo mteja wa Ubelgiji anapaswa kuiomba kabla fundi hajashika kifaa, na asipoipata ni juu yake kutoa taarifa. Wepesi huo ndio tunaoukatia alama. Mtu hujaza kwa dakika chache, akapokea hati, akadhani ameruhusiwa kukodisha. Hajaruhusiwa. Sheria ya Ubelgiji ya 24 Julai 1987 inakataza kumweka mfanyakazi wako chini ya mamlaka ya mwingine, isipokuwa kwa njia zilizoainishwa, na wakala wa kazi za muda anahitaji kibali cha eneo husika: Flanders, Wallonia au Brussels, kila moja na chake. Hati ya Limosa ni risiti ya taarifa. Kibali ni kitu kingine kabisa.

Ujerumani tunaipa sita, na tovuti yenyewe haina kosa kubwa. Tatizo ni nani anayeijaza: katika ukodishaji taarifa hutolewa na mteja aliyekodi, na wakala hutoa tamko la maandishi kwamba atatimiza masharti ya mshahara, nalo huambatishwa. Wakala amefungwa na taarifa asiyoishika mkononi. Omba nakala ya uthibitisho kabla basi halijaondoka. Baada ya hapo unategemea hisani. Mteja ndiye pia anayeandika saa za kuanza, kumaliza na muda wa kazi, kabla siku ya saba baada ya siku ya kazi haijaisha, na kuzihifadhi angalau miaka miwili.

Na kabla ya tovuti kuna leseni ya kukodisha kutoka Bundesagentur für Arbeit, shirika la ajira la serikali ya Ujerumani. Mwanzoni hutolewa kwa mwaka mmoja. Kampuni iliyo nje ya Umoja wa Ulaya na Eneo la Uchumi la Ulaya hainyimwi kwa kuchelewa wala kwa fomu mbovu, inanyimwa tu. Kukodisha bila leseni kunaweza kugharimu hadi yuro 30,000. Mkataba lazima utamke wazi kuwa ni ukodishaji na mfanyakazi atajwe kwa jina kabla hajaanza. Mafundi wa ujenzi wa mikono kwa kawaida hawaruhusiwi kukodishwa kwenye kampuni za ujenzi, kwa hiyo wakala wa waashi anayeanza safari na Ujerumani ameanza na mlango uliofungwa.

Ufaransa, tano. SIPSI inatenganisha vizuri taarifa za wakala na za kampuni nyingine, ila mzigo unaokuja nayo ni mzito: mwakilishi aliyeteuliwa ndani ya Ufaransa, nyaraka zilizotafsiriwa kwa Kifaransa, mishahara ibadilishwe kuwa yuro, na wakala wa kazi za muda awe na dhamana ya fedha. Kukopesha watu kwa faida ni haki ya mawakala wa kazi za muda tu. Faini inafika yuro 4,000 kwa kila mfanyakazi, 8,000 ukirudia ndani ya miaka miwili, jumla isizidi 500,000. Wafanyakazi thelathini walioandikwa vibaya ni hesabu inayofunga kampuni ndogo.

Ambacho hakuna tovuti inayokuonyesha ni saa, yaani vikomo vya muda vinavyohesabiwa kila kimoja peke yake, na hapa ndipo hata mawakala wazoefu huanguka. Hati ya A1, inayothibitisha kuwa michango ya hifadhi ya jamii inalipwa nyumbani, inatolewa na nchi ya mwajiri aliyemtuma, kwa kazi isiyotarajiwa kuzidi miezi 24. Masharti ya kazi yana saa nyingine: tangu 30 Julai 2020, baada ya miezi 12, au 18 ukitoa taarifa yenye sababu, karibu masharti yote ya nchi ya kazi yanamhusu. Ujerumani inaongeza mbili zake: ikifika miezi 9, malipo yawe sawa na ya wafanyakazi wa mteja; ikifika miezi 18, mtu yuleyule aondoke kwa mteja yuleyule, ingawa mikataba ya pamoja inaweza kusogeza mipaka hiyo. Saa hizi hazijuani. Fundi anaweza kuwa halali kwenye A1 huku amepitwa na kikomo cha ukodishaji.

Kumbadilisha mtu hakurudishi saa ya A1 kwenye sifuri. Anayetumwa hatakiwi kuchukua nafasi ya aliyetumwa kabla yake, na hukumu ya Alpenrind ya 2018 ilisema hata kama waajiri ni wawili tofauti. Wakala mpya anayerithi kazi ya wakala wa zamani amuulize mteja swali moja: kabla yangu, nafasi hii ilishikwa na nani?

Kwa raia wa nchi za nje ya Umoja, tuseme Mkenya aliyeajiriwa kihalali Poland, hukumu ya Vander Elst ya 1994 inazuia nchi ya kazi kudai kibali kingine cha kazi, na ile ya Essent ya 2014 ilifikisha kinga hiyo kwa waliokodishwa. Kibali cha ukaazi ni habari nyingine: Mahakama ilikubali mwaka 2024 kwamba kinaweza kudaiwa kazi ikipita siku 90. Mawakala huchanganya vibali hivi viwili, na anayeshushwa kwenye treni ni mfanyakazi.

Uswisi hatukuipa alama. Ina fomu nzuri ya mtandaoni kwa kazi zisizozidi siku 90 kwa mwaka, ya kujazwa siku 8 kabla, lakini ni ya kutuma tu. Wakala aliye nje ya nchi haruhusiwi kukodisha watu ndani yake.