Fremu za kujifunzia kufunga nguo: kifaa kizuri, lakini si lazima kununua seti nzima

Vifaa vingi vinavyouzwa kwa ajili ya watoto wa elimu ya awali hubadilika kila mwaka, lakini fremu za kufunga nguo hazijabadilika sana. Asili yake ni kazi ya daktari wa Kiitaliano Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo, iliyoitwa Nyumba ya Watoto, mjini Roma tarehe 6 Januari 1907. Kila fremu ni mraba wa mbao wenye upande wa takriban sentimita 30, uliowambwa vipande viwili vya kitambaa vinavyokutana katikati na kufungwa kwa njia moja tu. Seti ninayoizungumzia, ambayo nimeitumia na watoto wa miaka mitatu hadi mitano, ina fremu za vifungo vikubwa, vifungo vidogo, vifungo vya kubonyeza, zipu, bizimu kama ya mkanda, na utepe wa kufungwa fundo la kipepeo.

Ubora wake mkubwa umo katika kutenganisha ugumu. Mtoto anayejaribu kufunga shati alilolivaa hupambana na mambo mengi kwa pamoja: kifungo cha shingoni hakioni, kitambaa kinamponyoka, na mara nyingi yupo mtu mzima mlangoni anayemhimiza afanye haraka. Fremu hulazwa mezani, mikono yote miwili ikaonekana, na kila mkono ukawa na kazi yake, mmoja ukivuta ukingo wa kitambaa ili tundu libaki wazi na mwingine ukipitisha kifungo. Ushirikiano huo wa mikono ndio utakaohitajika baadaye atakaposhika karatasi kwa mkono mmoja na mkasi kwa mwingine, na vidole vinavyokamata kifungo, yaani kidole gumba, cha shahada na cha kati, ndivyo vitakavyoshika penseli.

Hata hivyo, sidhani kwamba zoezi la vidole ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Mtoto akiingiza kifungo cha kwanza katika tundu la pili, atafika mwisho na kukuta kifungo kimoja hakina pa kuingia. Kosa limejionyesha lenyewe, pasipo mtu kulitangaza, naye hufungua na kuanza upya kwa hiari yake. Hapo ndipo kujiamini kunapojengeka, kwa sababu mtoto amejua kwa macho yake kwamba kazi imekamilika. Watu wazima tunaopiga makofi kwa kila kifungo (na tuko wengi) tunamfundisha kuutazama uso wetu badala ya kuitazama kazi yake.

Ni vyema mtoto aanze na kufungua, kwa kuwa ni rahisi kuliko kufunga, na mtu mzima aketi kando yake akionyesha polepole bila maneno mengi. Akikwama, kifungo kinaweza kusukumwa hadi nusu ya tundu, yeye akakimalizia kukivuta.

Ubora wa seti hii haulingani kutoka fremu moja hadi nyingine. Ile ya vifungo vikubwa imeshonwa vizuri na matundu yake hayakazi. Vifungo vya kubonyeza, kwa upande mwingine, ni vigumu mno kwa vidole vya mtoto wa miaka minne, hata anayebonyeza huishia kuwa mtu mzima. Zipu nayo imeshonewa chini, hivyo mtoto hujifunza kuvuta tu, ilhali kinachomtatiza katika koti halisi ni kuingiza ncha ya upande mmoja ndani ya kishikio cha upande wa pili. Fundo la kipepeo wengi hawaliwezi kabla ya miaka mitano au sita, ingawa utepe wa rangi mbili ni wazo zuri, kwani mtoto anaweza kufuata njia ya kila upande. Kitambaa kimepigiliwa kwenye mbao, na kwa hiyo hakiwezi kuvuliwa kifuliwe, kasoro isiyo ndogo kwa kifaa kinachoshikwa na mikono mingi.

Kuhusu usalama, vuta kila kifungo kwa nguvu kabla ya kumpa mtoto. Kipimo kinachotumika kukagua vipande vidogo vya vitu vya kuchezea vya watoto walio chini ya miaka mitatu ni silinda yenye upana wa milimita 31.7: kinachoingia humo huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto, na kifungo cha sentimita 3, kinachoonekana kikubwa machoni petu, huingia humo bila shida.

Fremu haijengi nguvu ya mkono mzima. Mtoto anayechoka bega mapema atafaidika zaidi kwanza kwa kupanda, kukanda unga na kuchana karatasi. Aidha, kufunga mezani si sawa na kufunga kifuani, ambako vidole hutegemea kupapasa zaidi kuliko kuona. Kwa hiyo, mtoto akishaizoea fremu, mvalishe shati kubwa lililolegea juu ya nguo zake, aanze na vifungo vya chini anavyoviona, kisha apande juu.

Kama fremu zinauzwa mojamoja, ningenunua ya vifungo vikubwa na ya vifungo vidogo, kisha nitafute ya zipu inayoachana kabisa chini. Kwa bizimu na vifungo vya kubonyeza, mkoba na koti vilivyokwisha kutumika vinatosha.