Data za jua za LASP ni bure, walimu wa fizikia Pemba msiziache

Wenzangu mnaosomesha fizikia na jiografia, naiombea hii LISIRD ijulikane kila skuli ya hapa Pemba. Ndiyo sehemu mtandaoni ambapo LASP, kituo cha utafiti wa angahewa na anga za juu cha Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, wanaweka vipimo vya jua vya miaka na miaka, hulipi hata senti, unafungua unachagua unashusha basi.

Nilichokipendea ni hichi. Muulize mtoto wa kidato cha tatu kwa nini Januari joto linatuchoma na Julai upepo wa kusi unatupoza, atakwambia jua limesogea karibu. Sasa mfungulie vipimo vya nguvu ya jua, vya satelaiti ya SORCE iliyopima toka 2003 mpaka 2020 na vya kifaa cha TSIS-1 kilichofungwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Kuna safu mbili. Moja imesawazishwa kama vile dunia iko umbali ule ule mwaka mzima, hapo namba inakaa kwenye wati 1361 hivi kwa mita ya mraba na haitikisiki sana, hata ule mzunguko wa miaka 11 wa jua kuchangamka na kutulia unaibadilisha kama sehemu moja tu ya elfu. Safu nyengine ni jua lilivyotufikia kweli, Januari inapanda mpaka karibu 1408 na Julai inashuka kwenye 1316, darasa zima linashangilia kwamba wamepatia! Hapo ndo unawauliza, kama ni ukaribu tu, mbona Januari Ulaya ni barafu? Wallahi mjadala unaotoka hapo haupatikani kwa kunakili ubaoni, maana wenyewe wanafika kwenye kule kulala kwa mhimili wa dunia, ndiko kunakoleta majira, bila kutafuniwa.

Na hawa watu si wa jana, wameanza 1948, miaka kumi kabla ya NASA yenyewe, na vifaa vyao vimeshafika sayari zote na Pluto juu. Kile kipima vumbi kilichokwenda na chombo cha NASA cha New Horizons kikapita Pluto Julai 2015 wamekitengeneza wanafunzi, wanafunzi jamani! Hata chombo cha Imarati cha Hope kilichofika Mirihi Februari 2021 kilijengwa kwa kushirikiana nao. Na sisi tusijione wageni wa mambo haya, 1962 mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, moja ya stesheni za kuongea naye ilikuwa hapa hapa Unguja.

Upungufu upo. Kila kitu Kiingereza, tena cha vifupisho vifupisho, ukimwachia mtoto peke yake atapotea, lazima mwalimu akae nayo kwanza usiku. Na grafu kwenye simu zinabanana, tafuta kompyuta. Lakini kwa faida yake mimi naipa nyota tano.

Anayeanza achukue vipimo vya siku kwa siku vya mwaka mmoja tu, ashushe faili afungue kwa Excel, na watoto wachore safu zote mbili kwa mkono kwenye karatasi ya grafu kabla ya kuonyeshwa ile ya kompyuta.