Uzoefu wangu na flashi ya balbu hapa Lubumbashi

Flashi hii, ambayo sahani yake ya kuakisi hukunjuliwa kama upepeo, niliinunua kwa jamaa za mpiga picha mmoja marehemu wa Kamalondo, nikaifunga juu ya kamera ya Agfa Clack inayotumia filamu pana ya roli iitwayo 120 na kutoa picha nane kubwa kwa kila roli. Naisifu bila kusita kwa kila anayetamani picha za sherehe kama zile zinazoning'inia sebuleni kwa wazee wetu.

Balbu ni chupa ndogo ya kioo iliyojazwa oksijeni na nyuzi nyembamba za metali ambazo umeme wa betri huziunguza zote kwa mara moja, na baada ya hapo haitumiki tena. Nuru ya flashi ya elektroniki hupita kwa muda mfupi mno, lakini ya balbu hukawia, na shata ya Clack, yaani kifuniko kinachofunguka kupitisha nuru kwa karibu sehemu ya 30 ya sekunde, huipokea vizuri. Nilipompiga picha shangazi yangu pamoja na wajukuu wake usiku wa arusi, nikiwa kama mita tatu mbele yao, ngozi zao nyeusi zilitoka na vivuli vyake vyote, kuanzia paji la uso hadi shingoni, wala hapakuwa na ule mng'ao mkali wa mafuta ninaouchukia katika picha za simu. Watoto nao, walipoambiwa kwamba balbu ni moja tu kwa picha moja, walitulia wenyewe.

Gharama ni kubwa. Balbu nyingi zilizobaki ni akiba ya zamani, na betri ya volti 22.5 sikuipata mjini, hivyo niliagiza kwa ndugu aliyekuwa akirudi kutoka Ubelgiji. Ikishawaka, balbu huwa ya moto sana na haifai kuguswa mara moja. Kabla ya kununua, itazameni kwa makini: aina nyingi zina kitone cha buluu ndani, nacho kikigeuka waridi maana yake hewa imeingia na balbu inaweza kupasuka. Mimi nimeagiza sanduku jingine kwa ajili ya ubatizo wa mwezi ujao.